Maswali ya wasomaji: Nikihama kwa kuomba mwenyewe, daraja langu linabaki?

Kila orodha ya uhamisho inapotoka, meza yetu hujaa barua zenye hofu ileile: kwamba anayehama kwa kuomba mwenyewe anarudishwa mwisho wa foleni ya madaraja. Tumechagua chache. Nyingi ni za Tanzania Bara na majibu yake yanafuata taratibu za huko. Moja ni ya Kenya, tumeijibu kwa taratibu za Kenya.

Mimi ni mwalimu wa sekondari mwenye shahada. Niliajiriwa mwaka 2019 nikiwa Daraja la III C, ngazi ya mshahara ya walimu TGTS D, nikapanda hadi TGTS E kuanzia tarehe 1 Julai 2023. Nimepata mwenzangu wa kubadilishana naye: mimi niende Morogoro aliko mume wangu, yeye aje huku Kigoma. Walimu wenzangu wananitisha kwamba nikifika kule nitahesabiwa upya, niwe nyuma ya wote nitakaowakuta. Ni kweli?
*Mwalimu, Kigoma*

Si kweli, Mwalimu. Lakini uvumi huo una mzizi, na ukiujua hautakunasa.

Kwenye jalada lako kuna tarehe tatu ambazo watu wanazichanganya. Ya kwanza ni ya kuajiriwa katika utumishi wa umma. Ya pili ni ya kuingia kwenye cheo ulicho nacho sasa. Ya tatu ni ya kuripoti kituo kipya. Ukubwa kazini ndani ya cheo kimoja unapimwa kwanza kwa tarehe ya pili. Wawili wakiwa wameingia cheo hicho siku moja, ndipo huangaliwa nani alikuwa mbele katika cheo cha chini yake. Tarehe ya kuripoti haimo kabisa kwenye hesabu hiyo. Inahusika na likizo, nyumba ya mwalimu na mambo mengine ya kituo.

Tuchukue mfano. Huko unakokwenda kuna walimu watatu wa TGTS E. Mmoja alipanda tarehe 1 Novemba 2021, wa pili 1 Julai 2022, wa tatu 1 Julai 2024. Wewe mwenye tarehe 1 Julai 2023 unakaa nafasi ya tatu, mbele ya huyo wa mwisho, hata kama yeye amefundisha pale miaka kumi na wewe umeshuka jana na mizigo yako. Huenda akanung'unika, lakini orodha ya ukubwa kazini, yaani tange, haiangalii nani alitangulia kupanga nyumba mtaani.

Mzizi wa uvumi ni huu: tange hujazwa na binadamu. Tange ndiyo orodha ya watumishi wote wa mwajiri kwa ukubwa wao kazini: jina, cheki namba (namba ya mtumishi kwenye malipo ya mshahara), tarehe ya kuzaliwa, ya kuajiriwa, ya kuthibitishwa, cheo cha sasa na tarehe yake. Afisa Utumishi anapompokea mgeni aliyekuja na barua moja tu ya uhamisho, tarehe pekee iliyo mbele yake ni ya kuripoti. Akiiandika kwenye safu ya tarehe ya cheo, tayari umepoteza miaka miwili, na hakuna aliyekusudia kukudhulumu. Kosa lake pacha ni kunakili tarehe ya juu ya barua ya kupandishwa cheo badala ya tarehe iliyomo ndani. Barua inaweza kuwa imeandikwa tarehe 14 Septemba lakini aya yake ya kwanza ikasema "kuanzia tarehe 1 Julai". Inayohesabika ni hiyo ya ndani.

Kwa hiyo usiripoti mikono mitupu. Chukua nakala ya barua ya ajira ya kwanza, ya kuthibitishwa kazini, kila barua ya kupandishwa cheo pamoja na fomu uliyojaza kukubali cheo hicho, hati ya malipo ya mwisho ya mshahara na hati za mshahara za karibuni. Kabidhi seti moja masijala na ubaki na nakala yako iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Majalada yako, la wazi na la siri, hayapiti mikononi mwako, yanatumwa na ofisi. Lakini una haki ya kuuliza yametumwa lini na kwa kumbukumbu namba ipi. Wewe ni mwalimu, una jalada lingine tena katika ofisi ya Tume ya Utumishi wa Walimu, TSC, ya wilaya, na TSC ndiyo inayowapandisha vyeo walimu wa shule za umma. Jalada la Mkurugenzi wa halmashauri likifika na la TSC likabaki Kigoma, jina lako litakosekana mahali pale hasa linapohitajika.

Na kubadilishana ni kubadilishana vituo, si madaraja. Mwenzako akiwa TGTS F haachi F yake Morogoro ikusubiri. Kila mtu anahama na cheo chake. Kinachotakiwa kulingana ni kada, yaani aina ya kazi, na kwa walimu wa sekondari masomo pia, ili pengo la Fizikia lisizibwe na mwalimu wa Historia. Ombi linawekwa kwenye ESS, mfumo wa mtandaoni wa watumishi wa umma, kwa cheki namba zenu wawili na kupita kwa wakubwa wa pande zote mbili. Ninyi mnahama mkoa hadi mkoa, kwa hiyo kibali cha mwisho kinatoka OR-TAMISEMI, ofisi inayosimamia mikoa na halmashauri. Wa ndani ya mkoa mmoja humalizana kwa Katibu Tawala wa Mkoa. Yeyote anayedai pesa ili "akusukumie" faili ni tapeli, hata kama anajua majina ya wakubwa wote.

Mimi ni muuguzi. Nilihama kwa kuomba Februari 2025. Halmashauri niliyotoka jina langu lilikuwa kwenye orodha ya kupandishwa cheo mwaka wa fedha 2024/2025. Mei wenzangu wakapewa barua, mimi sikupewa. Nikipiga simu kule wanasema siko kwao tena. Hapa nilipo wanasema sikuwa kwenye bajeti yao. Nimekuwa mtoto wa nani?
*Muuguzi, Kanda ya Ziwa*

Hapa ndipo uhamisho wa kuomba unapouma kweli. Ukubwa wako kazini haujaguswa. Kilichokuponyoka ni nafasi yenye fedha.

Kupanda cheo kunataka vitu vinne vikutane: sifa za muundo wa utumishi wa kada yako, utendaji uliopimwa, nafasi kwenye ikama (idadi ya watumishi ambayo mwajiri ameidhinishiwa), na fedha ya mshahara mpya kwenye bajeti ya mwaka huo. Miundo mingi inataka miaka isiyopungua mitatu katika cheo, na kiutendaji foleni hufika minne au zaidi. Sifa na utendaji unatembea navyo popote. Ikama na bajeti ni mali ya mwajiri. Halmashauri uliyotoka ilikuombea nafasi yako miezi mingi kabla ya Julai 2024, ikapewa kibali. Ulipohama, cheki namba yako ikatoka kwao, nao hawawezi kumpandisha mtu asiye wao. Huku ulikohamia ikama ilikuwa imefungwa kabla hawajajua kama upo duniani.

Anza na swali moja: barua yako iliwahi kuandikwa? Waombe kule wakuangalizie masijala. Kama ipo, na tarehe yake ya kuanza kutumika ni ya kabla hujahama, hiyo ni haki yako iliyokamilika. Ichukue, jaza fomu ya kukubali cheo, uipeleke kwa Afisa Utumishi wako wa sasa aingize mabadiliko kwenye mfumo wa taarifa za watumishi na mishahara. Tofauti ya mshahara kuanzia tarehe hiyo ni malimbikizo, nayo yanadaiwa.

Kama haikuandikwa, usipoteze nguvu kugombana na kule. Mwandikie Mkurugenzi wako wa sasa, kupitia kwa mganga mfawidhi wa kituo na Mganga Mkuu wa Wilaya, ukiomba uingizwe kwenye makadirio ya ikama yanayofuata. Barua ya ukurasa mmoja inatosha: cheo chako, tarehe ulipokipata, sifa zako, na ukweli kwamba ulikuwa kwenye orodha ya mwajiri wa awali, ukiambatisha ushahidi wowote ulio nao. Pale penye nafasi zilizobaki wazi katikati ya mwaka, mwajiri anaweza kuomba kibali kwa Katibu Mkuu wa ofisi ya utumishi wa umma (UTUMISHI), lakini hilo liko mikononi mwa mwajiri. Usijenge nyumba juu yake. Wala usitegemee kwamba utakapopandishwa mwakani tarehe itarudishwa nyuma yenyewe.

Kwa wengine ambao bado hawajahama: kalenda ndiyo dawa. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, na waajiri huanza kukusanya takwimu za ikama ya mwaka unaofuata karibu Novemba. Ukiwa umebakiza miezi michache kupanda, subiri hadi cheo kipya kisomeke kwenye hati ya mshahara, ndipo uhame. Ukiwa ndiyo kwanza umepanda, huna cha kupoteza, kwa hiyo hama mapema uingie kwenye hesabu za huko. Wakati mbaya kuliko wote ni kati ya Januari na Juni ya mwaka ambao zamu yako imefika, na cha kusikitisha, ndiyo miezi ambayo watu wengi huripoti kwa kuwa shule za watoto zinafunguliwa.

Mimi ni mwalimu wa TGTS E. Nimejisomea shahada ya TEHAMA nikafaulu. Kuna wizara ina upungufu wa maafisa TEHAMA na wako tayari kunipokea. Nikihama naenda na daraja langu?
*Msomaji, Dodoma*

Ndugu yetu, wewe hauhami tu. Unabadilisha kada, na hayo ni mambo mawili yaliyofungwa kwenye bahasha moja.

Kuhama kutoka halmashauri kwenda wizarani ni uhamisho wa taasisi hadi taasisi, na kibali chake kinatoka kwa Katibu Mkuu UTUMISHI. Huo peke yake haushushi mtu. Kubadilisha kada ndiko kunakoanzisha hesabu upya, kwa sababu muundo wa maafisa TEHAMA haupimi uzoefu wa kufundisha, unapima uzoefu wa TEHAMA. Unaingia kwenye cheo cha kuanzia cha kada hiyo, Daraja la II, na kwenye tange yao tarehe yako ni ile ya kubadilishwa. Kijana aliyeajiriwa mwaka mmoja kabla yako atakuwa mkubwa wako kazini hata kama ulimfundisha kidato cha pili.

Mshahara ni habari nyingine. Kama unaopokea sasa ni mkubwa kuliko wa cheo kipya, utaratibu unaruhusu uendelee nao kama mshahara binafsi hadi cheo chako kipya kiufikie. Hakikisha maneno hayo, "mshahara binafsi", yameandikwa kwenye barua ya kubadilishiwa kada kabla hujaisaini. Yasipoandikwa, mfumo utasoma ngazi ya kuanzia, na mwisho wa mwezi utaona pengo. Jiandae pia kwamba ukipanda cheo cha kwanza kwenye kada mpya huenda hata shilingi isiongezeke, kwa kuwa ulikuwa juu yake tayari. Wengi hulalamika hapo, wakidhani wamepunjwa.

Kuna njia ya mkato ambayo vijana wanashauriana: acha kazi, omba upya kupitia Sekretarieti ya Ajira. Soma masharti ya jumla chini ya matangazo yao. Yanasema watumishi wa umma walio katika nafasi za kuingilia wasiombe, na wazingatie Waraka Na. CAC.45/257/01/D/140 wa tarehe 30 Novemba 2010. Na ukiacha kazi kwanza ndipo uombe, umekata utumishi wako vipande viwili: unathibitishwa upya baada ya miezi 12 ya majaribio, na cheo cha zamani hakina tena mahali pa kukaa. Michango yako ya PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, haipotei, lakini kumbuka pensheni inataka miezi 180 ya kuchangia. Kila mwezi utakaokaa nje ya ajira ukisubiri usaili hauongezi kitu. Njia ya kibali ni ndefu, lakini inaweka utumishi wako mzima.

Nilikuwa Afisa Elimu Kata. Nimehama kwa kuomba kwenda mkoa mwingine, nimepangiwa kufundisha darasani. Je, nimeshushwa cheo?
*Mwalimu, Singida*

Hapana. Uafisa elimu kata ni madaraka, cheo chako ni ile TGTS. Madaraka yanatolewa na mwajiri mahali fulani na yanabaki pale ulipoondoka, pamoja na posho yake ya shilingi 250,000 kwa mwezi. Kama tangu uhame mshahara wa msingi umebaki uleule na ngazi ni ileile, hakuna lililoshuka. Kuna watu hawaliangalii hili kabla ya kuomba, wanakuja kushtuka mkopo wa benki ukikata mshahara usio na posho.

Huku nilikohamia PEPMIS, mfumo wa kielektroniki wa kupima utendaji, haisomi kazi nilizofanya nusu ya kwanza ya mwaka. Afisa Utumishi anasema bila alama za utendaji siwezi kupendekezwa kupanda.
*Afisa Maendeleo ya Jamii, Pwani*

Afisa wako anasema kweli, na mlango huu watu wanausahau. Tangu PEPMIS ichukue nafasi ya OPRAS, zile fomu za zamani za tathmini, tathmini yako haiko tena kwenye karatasi unayoweza kuijaza usiku mmoja na kumtafuta bosi aisaini. Majukumu yako yamefungwa kwenye malengo ya taasisi uliyokuwa nayo, na aliyetakiwa kuyaidhinisha ni msimamizi wa kule. Ukiondoka akiwa hajaidhinisha, kazi imefanyika lakini kwenye mfumo inaonekana inaning'inia.

Mtafute msimamizi wa zamani kwanza, kwa heshima, kwa kuwa yeye hana cha kupata. Mwombe aidhinishe kila jukumu dogo ulilolijazia utekelezaji. Ikishindikana kwa sababu akaunti yako imeshahamishwa, mwandikie mwajiri wa awali akupe tathmini ya kipindi chako kwa barua rasmi, uipeleke kwa Afisa Utumishi wako aiweke jaladani na kuwasiliana na wasimamizi wa mfumo. Wakati huohuo hakikisha msimamizi wako mpya amewekwa kwenye akaunti yako, na usajili majukumu ya hapo ulipo bila kungoja mwaka mpya. Tumeona mtu akikaa miezi mitano akidhani msimamizi atajiweka mwenyewe.

Anayejiandaa kuhama afanye haya wiki mbili kabla ya kukabidhi ofisi: ajaze utekelezaji wote, asimamie uidhinishaji akiwa bado anaweza kugonga mlango wa bosi, kisha achapishe nakala ya alama zake.

Niligundua kwenye tange kwamba tarehe ya cheo changu imeandikwa ya kuhamia. Nimeandika barua mbili, kimya. Niende wapi?
*Msomaji, Iringa*

Barua ya tatu iandike kwa Mkurugenzi, kupitia kwa mkuu wako, kichwa chake kiwe "Kurekebisha tarehe ya cheo kwenye tange" na si "Malalamiko". Ambatisha barua ya kupandishwa cheo na hati ya mshahara ya mwezi ulipoanza kulipwa ngazi hiyo. Hati hiyo ina nguvu kuliko maelezo marefu, kwa kuwa ni rekodi ya Serikali yenyewe ikikubali tarehe yako. Taja barua zako mbili za mwanzo kwa tarehe. Nyamaza kuhusu wenzako waliokupita, hoja yako iwe tarehe tu.

Ikiendelea kimya, malalamiko ya watumishi hupokelewa na Tume ya Utumishi wa Umma, na mwalimu aanze na ofisi ya TSC ya wilaya. Usikae. Kosa likishatumika kupanga orodha ya kupandisha, kulirekebisha kunamgusa mwingine aliyekwisha kupewa barua, na hapo kila ofisi inakuwa nzito.

Nafundisha Turkana, niko daraja la C2. Nikipata uhamisho wa kuomba kurudi Kakamega, nitapoteza nafasi ya kupandishwa?
*Mwalimu, Kenya*

Daraja lako na nambari yako ya TSC, tume ya walimu ya Kenya, unaenda navyo. Kinachobadilika ni ushindani. Kwa mwalimu wa sekondari, kupanda kutoka C2 hadi C3 ni kwa muda wa utumishi, lakini nafasi za usimamizi hutangazwa, watu huomba na kusailiwa, na nafasi hizo hugawanywa kwa maeneo. Kwenye kaunti kame Tume imekuwa ikilegeza masharti ili kupata walimu wa kuzijaza, kwa hiyo mwalimu wa Turkana hushindana na wachache. Kakamega utakuta foleni ya watu wenye miaka mingi kwenye daraja lilelile. Kama tangazo limetoka na umetimiza vigezo, omba ukiwa huko huko. Ujue pia kwamba marupurupu ya mazingira magumu yanakoma ukitoka eneo hilo, na hayo kwa C2 si ya kupuuza kwenye hati ya malipo.

Nilihama kwa kuomba mwaka jana. Naweza kudai posho ya uhamisho? Wenzangu waliohamishwa walilipwa.
*Tabibu, Lindi*

Hapana. Waliohamishwa na mwajiri hulipwa posho ya usumbufu ya asilimia 10 ya mshahara wa mwaka, posho ya kujikimu ya siku 14, nauli na usafirishaji wa mizigo. Aliyeomba mwenyewe anajigharamia, na ukisoma barua yako ya uhamisho utakuta sentensi ya namna ya "kwa gharama zako mwenyewe". Itafute pia kwa sababu nyingine: kama haimo, na barua inasema umehamishwa kwa maslahi ya umma, basi wewe hukuhama kwa kuomba hata kama uliomba, na madai yako yana miguu. Yapeleke yakiwa na barua hiyo juu kabisa.